Miundombinu na Wajenzi Wake: Uwekezaji wa Umma na Ukuaji wa Makandarasi wa Ndani nchini Tanzania

Ikisiri

Katika miongo miwili iliyopita, Tanzania imewekeza fedha nyingi katika reli, barabara, madaraja na vituo vya kufua umeme. Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya uwekezaji huo na ukuaji wa uwezo wa makandarasi wa ndani. Kwa kuchambua sheria, sera, masharti ya mikataba na taarifa za miradi zilizo wazi kwa umma, makala yanabainisha kuwa kukua kwa miundombinu na kukua kwa sekta ya ujenzi ni mambo mawili tofauti, na kwamba la kwanza halizai la pili lisipounganishwa nalo kwa makusudi. Hoja kuu ni kwamba ngazi ya ukuaji wa mkandarasi wa ndani imevunjika katika sehemu tatu: kazi kubwa huenda kwa kampuni za kigeni, sehemu kubwa ya kazi ndogo imehamia kwenye utaratibu wa fosi akaunti, na kazi za kati hudhoofishwa na ucheleweshaji wa malipo. Makala yanahitimisha kwamba kutenga zabuni kwa ajili ya wazawa, kama ilivyofanywa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, ni hatua ya lazima lakini haijitoshelezi.

Maneno ya msingi: sekta ya ujenzi, uwekezaji wa miundombinu, makandarasi wa ndani, ununuzi wa umma, Tanzania

1.0 Utangulizi

Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J. P. Magufuli, maarufu kama Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria. Mwaka huohuo, mtambo wa mwisho kati ya mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji uliwashwa, na kukifanya kituo hicho kifikie uwezo wa megawati 2,115. Mwaka mmoja kabla, yaani 2024, treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni, kisha hadi Dodoma mwezi Julai. Ni nchi chache za kipato cha chini na cha kati zinazoweza kuonesha kazi tatu za ukubwa huo zikifikia hatua ya matumizi ndani ya kipindi kifupi namna hiyo.

Miradi hiyo mitatu ina jambo jingine inalochangia. Makandarasi wakuu wake wote walitoka nje ya nchi. Daraja la Kigongo–Busisi lilijengwa na kampuni za China. Bwawa la Julius Nyerere lilijengwa na ubia wa kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, chini ya mkataba uliosainiwa Desemba 2018. Na kipande cha kwanza cha reli ya kisasa kilijengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki kwa ubia na Mota-Engil ya Ureno. Watanzania walifanya kazi kwa maelfu katika miradi hiyo, wakiwa vibarua, mafundi, madereva wa mitambo na wahandisi. Hata hivyo, usimamizi mkuu wa kazi, umiliki wa mitambo mizito, na rekodi ya kampuni iliyokamilisha kazi ya aina hiyo, vilibaki kwa wageni.

Hali hii inaibua swali ambalo ndilo msingi wa makala haya: mradi unapokamilika na mkandarasi wake akafungasha mitambo, sekta ya ujenzi ya nchi inabaki na nini? Barabara, reli na umeme vinabaki, na manufaa yake kwa uchumi hayana ubishi. Lakini sekta ya ujenzi ni zaidi ya jumla ya vitu vilivyojengwa. Ni uwezo wa kujenga tena, kukarabati kilichochakaa na kujenga kikubwa zaidi bila kuanza upya kila mara. Swali hili lina uzito kwa sababu ujenzi huchangia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya Pato la Taifa la Tanzania. Kwa hiyo, namna fedha zake zinavyozunguka inagusa maisha ya watu wengi kuliko wale walioajiriwa na makandarasi moja kwa moja.

2.0 Usuli wa Sekta ya Ujenzi nchini Tanzania

Ujenzi mkubwa nchini ulianza kama kazi ya nje kwa faida ya nje. Reli ya Kati, iliyojengwa na utawala wa Kijerumani kati ya mwaka 1905 na 1914 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ilitumia nguvu kazi ya Waafrika kwa maelfu, lakini elimu ya usanifu na usimamizi haikukusudiwa kubaki mikononi mwao. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, dola ilijaribu kuifanya kazi ya ujenzi kuwa ya umma. Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwa limekwishaundwa mwaka 1962, na kampuni ya umma ya MECCO ikawa miongoni mwa wajenzi wakubwa wa barabara na majengo ya serikali.

Katika kipindi hicho ulijengwa mradi ambao unafaa kuwa kipimo cha mjadala huu, yaani reli ya TAZARA. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China. Wajenzi wakuu walikuwa wageni, kama ilivyo leo. Tofauti ni kwamba pamoja na njia ya reli yenyewe, mradi uliacha vitendea kazi, mathalani karakana ya Mang'ula mkoani Morogoro na machimbo ya kokoto ya Kongolo mkoani Mbeya, na uliwafundisha Watanzania na Wazambia kuendesha na kutengeneza reli hiyo. Matatizo yaliyoikumba TAZARA baadaye, ikiwa ni pamoja na uhaba wa mtaji na kushuka kwa shehena, hayafuti ukweli huo. Yanaonesha tu kwamba uwezo ulioachwa bila kazi za kuuendeleza hufifia.

Mwaka 1979 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Baraza la Taifa la Ujenzi, ishara kwamba serikali ilianza kuutazama ujenzi kama sekta inayohitaji kuendelezwa yenyewe. Mageuzi ya kiuchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalibadili mwelekeo. Mashirika ya umma ya ujenzi yalipoteza nguvu, na miradi mikubwa ya barabara ya miaka ya 1990, ambayo kwa sehemu kubwa ilifadhiliwa na Benki ya Dunia na wahisani wengine, ilitangazwa kwa zabuni za kimataifa. Mkandarasi binafsi wa Kitanzania aliingia sokoni wakati uleule ambapo soko lilifunguliwa kwa kampuni zilizomtangulia kwa miongo mingi ya uzoefu.

Mfumo wa sasa wa kisheria ulijengwa juu ya hali hiyo. Mwaka 1997 zilitungwa sheria za usajili wa wahandisi na makandarasi. Mwaka 2000 ulianzishwa Wakala wa Barabara (TANROADS), na mwaka 2017 Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Sera ya Sekta ya Ujenzi ya mwaka 2003 iliweka lengo la kuwa na sekta shindani kimataifa, inayoweza kutekeleza sehemu kubwa ya miradi ya nchini na hata kuuza huduma zake nje. Zaidi ya miaka 20 baadaye, nchi imejenga mambo mengi ambayo sera hiyo haikuyataja, lakini lengo hilo lenyewe bado liko mbali.

3.0 Fedha za Miradi na Uteuzi wa Mjenzi

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu hali hiyo ni kwamba makandarasi wa ndani hawana uwezo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayaelezi chanzo. Sehemu ya jibu imo katika fedha zenyewe, kwa kuwa aina ya fedha inayolipia mradi huamua kwa kiasi kikubwa nani ataujenga.

Kwa upande mmoja kuna mikopo inayofungamana na nchi inayokopesha. Kenya inatoa mfano ulio karibu. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kutumika mwaka 2017, iligharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Exim ya China, na mkandarasi mkuu alikuwa kampuni ya China. Katika utaratibu wa namna hiyo, mkopo na mjenzi huja pamoja. Mkandarasi wa ndani hana nafasi ya kushindania kazi kuu, bali hungoja kazi ndogondogo atakazogawiwa.

Kwa upande mwingine kuna fedha za serikali yenyewe na mikopo ya kibiashara. Tanzania ilianza reli yake kwa njia hiyo, na mwaka 2020 ilipata mkopo wa dola za Marekani bilioni 1.46 uliopangwa na benki ya Standard Chartered kwa ajili ya kipande cha Dar es Salaam hadi Makutupora. Njia hii iliipa serikali uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua mjenzi. Hata hivyo, uhuru huo haukumfikia mkandarasi wa ndani, kwa sababu kazi ilitangazwa katika vipande vikubwa mno. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kina takribani kilomita 300 pamoja na njia za kupishana na za stesheni, na kilitolewa kama mkataba mmoja wa kusanifu na kujenga. Hakuna kampuni ya Kitanzania iliyoweza kutimiza sharti la kuwa imewahi kukamilisha kazi inayofanana na hiyo.

Sharti la uzoefu wa kazi inayofanana ni la busara, kwa kuwa fedha za umma hazipaswi kukabidhiwa kwa mtu anayejifunzia kazini. Lakini likitumika peke yake hugeuka mduara. Anayekosa uzoefu hapati kazi, na asiyepata kazi hapati uzoefu. Nchi zilizofanikiwa kuuvunja mduara huo zilifanya hivyo kwa kupanga ukubwa wa mikataba, ili kampuni iliyofanya kazi ya kilomita 10 ipate ya kilomita 30, na iliyofanya ya kilomita 30 ipate ya kilomita 80. Kwa maneno mengine, ukuaji wa mkandarasi unahitaji ngazi yenye vipago vilivyo karibu. Sehemu mbili zinazofuata zinaonesha kwamba nchini Tanzania vipago vya chini na vya katikati navyo vimelegea.

4.0 Mkandarasi wa Kati na Hesabu ya Malipo

Bodi ya Usajili wa Makandarasi huwapanga makandarasi wa majengo na wa kazi za kihandisi katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu na la saba likiwa la chini. Kila daraja lina ukomo wa thamani ya mkataba mmoja ambao mkandarasi anaruhusiwa kuupokea, isipokuwa daraja la kwanza. Kimaandishi, hii ndiyo ngazi ya ukuaji. Kiutendaji, kupanda kutoka daraja moja hadi jingine kunategemea mtaji, mitambo na kazi zilizokamilika, na vyote vitatu vinategemea jambo moja: kama mkandarasi analipwa kwa wakati.

Ili kuielewa hoja hii, na uchukuliwe mfano wa kubuni wa mkandarasi aliyeshinda zabuni ya barabara yenye thamani ya shilingi bilioni 12, itakayojengwa kwa miezi 12, naye anatarajia faida ya shilingi bilioni moja. Kabla ya kumwaga kifusi cha kwanza anatakiwa kuleta dhamana ya utendaji, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya mkataba, yaani shilingi bilioni 1.2. Akitaka malipo ya awali ya asilimia 15, yaani shilingi bilioni 1.8, anapaswa kuleta dhamana nyingine ya thamani hiyohiyo. Benki itakayotoa dhamana hizo za shilingi bilioni tatu huhitaji rehani, na kwa mkandarasi wa kati rehani hiyo mara nyingi ni nyumba, kiwanja au mitambo yake mwenyewe. Mfuko wa Kusaidia Makandarasi unaosimamiwa na Bodi ya Usajili huwapa nafuu baadhi ya wadogo na wa kati, lakini hauwezi kubeba mahitaji ya sekta nzima.

Kazi ikianza, mkandarasi hupeleka madai ya malipo kila mwezi, na mhandisi mshauri huyahakiki na kutoa hati ya malipo. Kwa mujibu wa masharti ya mikataba ya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri (FIDIC) ya mwaka 1999, ambayo hutumika sana katika miradi mikubwa, mshitiri anapaswa kulipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi alipopokea madai. Ikiwa kazi ya kila mwezi ina thamani ya shilingi bilioni moja, malipo ya mwezi wa kwanza yataingia kuelekea mwisho wa mwezi wa tatu. Mkandarasi atakuwa amekwishafanya kazi ya takribani shilingi bilioni tatu, na malipo ya awali yatakuwa yamefidia bilioni 1.8. Pengo linalobaki linaweza kuhimilika.

Sasa ikiwa malipo yatafika miezi sita baada ya madai, mkandarasi atakuwa mwishoni mwa mwezi wa saba, akiwa na kazi ya takribani shilingi bilioni saba na pengo linalozidi bilioni tano. Hakuna mkandarasi wa kati mwenye fedha kama hizo mfukoni. Akikopa shilingi bilioni nne kwa miezi sita kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, atalipa riba ya shilingi milioni 300, ambayo ni karibu theluthi ya faida yote aliyoitarajia. Mikataba humpa haki ya kudai fidia kwa ucheleweshaji, na ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonesha mara kwa mara kuwa serikali hubeba gharama kubwa za riba kwa sababu hiyo. Lakini haki hiyo hainufaishi wote sawasawa. Kampuni kubwa ya kigeni ina wanasheria wa kudai na benki kwao ya kuisubiri. Mkandarasi wa kati anayetegemea mshitiri mmoja kwa kazi zake zote hufikiri mara mbili kabla ya kumdai riba mtu atakayemwomba zabuni mwakani.

Athari haziishii kwake. Deni la mkandarasi ni deni la mwenye duka la vifaa aliyetoa nondo na saruji kwa ahadi, la mwenye machimbo ya kokoto, la muuza dizeli, la vibarua na la mama lishe anayewauzia chakula kwa mkopo. Kazi inaposimama, greda na shindilia hukaa bila kuzalisha huku rejesho la benki likiendelea kuhesabiwa. Ndiyo maana ni rahisi kukuta mkandarasi aliyefanya kazi nzuri ya kutosha kupanda daraja, lakini aliyepoteza mitambo ambayo ingemwezesha kupanda. Kwa mantiki hiyo, ucheleweshaji wa malipo si dosari ya kihasibu tu. Ni utaratibu usio rasmi unaohamisha gharama ya mtaji kutoka kwa serikali, inayoweza kukopa kwa urahisi, kwenda kwa mkandarasi ambaye mikopo yake ni ghali zaidi.

5.0 Fosi Akaunti na Kazi Ndogo

Katika ngazi ya chini, mabadiliko makubwa yaliyotokea ni kuenea kwa utaratibu wa fosi akaunti. Katika utaratibu huu, taasisi ya umma haimpi mkandarasi kazi yote, bali hununua vifaa yenyewe na kuwalipa mafundi ufundi tu, chini ya usimamizi wa kamati na wataalamu wa halmashauri. Utaratibu huo umetumika sana kujenga madarasa, zahanati, vituo vya afya na nyumba za watumishi. Mfano mashuhuri ni ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000 mwaka 2021, uliogharimiwa na sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kukabiliana na athari za UVIKO-19.

Manufaa ya fosi akaunti ni dhahiri. Gharama kwa chumba hupungua kwa kuwa hakuna faida ya mkandarasi, fedha hubaki kwa mafundi na wauza vifaa wa eneo husika, na wananchi huweza kuchangia mchanga, mawe na nguvu zao. Kwa halmashauri yenye watoto wanaosomea chini ya mti, hoja ya kuharakisha ujenzi ina nguvu kuliko hoja ya kukuza sekta. Aidha, makandarasi wenyewe wana sehemu ya lawama. Kazi zilizotelekezwa, bei zilizoongezwa kupita kiasi na usajili uliokodishwa kwa mtu asiyesajiliwa viliwapa washitiri sababu ya kutafuta njia nyingine.

Pamoja na hayo, gharama ya utaratibu huo kwa sekta haiandikwi katika makisio ya mradi wowote. Chumba cha darasa na zahanati ndizo kazi ambazo mkandarasi wa daraja la saba au la sita angeanzia. Kazi hizo zikiondolewa, anayeingia sokoni hana pa kujenga rekodi. Fundi anayejenga kwa fosi akaunti hupata ujira, lakini hapati cheti cha kukamilisha mkataba, hafungui hesabu za kampuni wala hajifunzi kusimamia programu ya kazi. Baada ya madarasa 10 anabaki fundi yuleyule, mwenye mkono mzuri zaidi lakini asiye na karatasi ya kumpeleka benki. Vilevile, mwalimu mkuu na mganga mfawidhi wanageuzwa wasimamizi wa ujenzi, kazi ambayo hawakuisomea.

6.0 Udhaifu wa Sekta na Usalama wa Majengo

Udhaifu wa sekta rasmi hauonekani katika takwimu za zabuni pekee. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, eneo la biashara lenye msongamano mkubwa, na kuua zaidi ya watu 20. Makala haya hayakusudii kueleza sababu za kiufundi za matukio hayo, ambazo ni kazi ya vyombo vya uchunguzi. Kinachohusu mjadala huu ni mazingira yanayofanya hatari kama hizo ziweze kujirudia.

Sheria zinataka kazi za ujenzi zinazozidi kiwango fulani zisanifiwe na wataalamu waliosajiliwa na kujengwa na makandarasi waliosajiliwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ujenzi binafsi mijini hufanywa na mwenye nyumba na fundi wake, na ukaguzi hutegemea idadi ndogo ya wakaguzi. Mwenye nyumba humwona mkandarasi aliyesajiliwa kama gharama inayoepukika. Ushawishi wa kubadili mtazamo huo ni mgumu ikiwa makandarasi wadogo wenyewe ni wachache katika mji husika, wana madeni na wanaishi kwa kusubiri malipo ya kazi zilizokwisha. Urasimishaji wa ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini, unaofanywa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ni hatua ya kupongezwa kwa kuwa unampa fundi cheti cha kile anachokijua. Lakini cheti cha ufundi hakichukui nafasi ya kampuni inayowajibika kisheria jengo linapopata ufa. Kwa hiyo, suala la nani anajenga lina uhusiano wa moja kwa moja na usalama wa wanaoishi na kufanya biashara ndani ya kilichojengwa.

7.0 Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Mwaka 2023 na Mipaka Yake

Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na kanuni zake za mwaka 2024 ni jaribio kubwa la hivi karibuni la kubadili hali hiyo. Ukomo wa thamani ya kazi za ujenzi zinazotengwa kwa ajili ya kampuni za ndani pekee uliongezwa kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. Zabuni nazo zilihamishiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, jambo linaloongeza uwazi na kupunguza safari za kufuata nyaraka ofisini.

Ukomo huo mpya una maana halisi. Kwa kuwa kilomita moja ya barabara kuu ya lami hugharimu zaidi ya shilingi bilioni moja, shilingi bilioni 50 zinatosha mkataba wa makumi ya kilomita. Hiki ni kipago ambacho hakikuwapo. Lakini umuhimu wake unapaswa kupimwa pia kwa kulinganishwa na kilicho juu yake. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuwa na thamani ya takribani shilingi trilioni 6.5, na hivyo ukomo wa bilioni 50 haufiki hata asilimia moja yake. Kati ya mkataba mkubwa uliotengwa kwa wazawa na miradi inayoitwa ya kimkakati kuna nafasi pana ambayo sheria haijaijaza.

Zaidi ya hapo, kutenga kazi hakuondoi vikwazo vilivyojadiliwa katika sehemu ya nne. Mkandarasi aliyeshindwa kuhimili ucheleweshaji wa malipo katika mkataba wa shilingi bilioni 10 ataanguka kwa kishindo zaidi katika mkataba wa bilioni 40. Ipo pia hatari ya kampuni ya ndani kuwa jina tu kwenye zabuni, huku mtaji, mitambo na maamuzi vikitoka kwa kampuni ya nje iliyo nyuma yake. Hilo likitokea, takwimu za kazi zilizopewa wazawa zitapanda bila uwezo wao kupanda. Kipimo cha mafanikio ya sheria hii, kwa hiyo, hakipaswi kuwa idadi ya zabuni zilizoshindwa na kampuni za ndani, bali idadi ya kampuni zilizopanda daraja la usajili na kubaki huko baada ya miaka mitano.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba nchini Tanzania uwekezaji katika miundombinu umekwenda kwa kasi kuliko ukuaji wa wajenzi wake. Chanzo si uhaba wa miradi wala ukosefu wa sheria. Ni kukatika kwa ngazi ambayo kampuni ya ndani ingeipanda kutoka kujenga darasa hadi kujenga daraja. Juu, ukubwa wa mikataba na aina ya fedha humzuia. Chini, fosi akaunti imechukua kazi za kuanzia. Katikati, ambako mkandarasi angekomaa, malipo yanayochelewa humla mtaji.

Mambo matatu yanajitokeza kutokana na uchambuzi huo. Kwanza, serikali haipaswi kutangaza zabuni ya kazi ambayo fedha zake hazijapatikana, na madai ya kampuni za ndani yaliyokwisha kuhakikiwa yapewe kipaumbele katika malipo. Hatua hii haihitaji sheria mpya wala haiongezi gharama halisi ya kazi. Pili, miradi ya kimkakati igawanywe pale inapowezekana kitaalamu, ili matuta, makalvati, stesheni na barabara za kuingilia viwe mikataba kamili ya kampuni za ndani au za ubia wenye masharti ya wazi ya kurithisha ujuzi na mitambo. Tatu, fosi akaunti ibaki kwa kazi za dharura na za ukarabati mdogo, na ujenzi mpya unaojirudia, kama vile madarasa, ukusanywe katika mikataba midogo ya makandarasi wa madaraja ya chini wa mkoa husika.

Uzito wa suala hili utaonekana zaidi katika miaka ijayo. TANROADS husimamia takribani kilomita 36,000 za barabara, na TARURA zaidi ya kilomita 144,000. Reli, madaraja na mabwawa mapya nayo yatahitaji matengenezo kwa miongo mingi. Hakuna mkopo wa nje utakaotolewa kwa ajili ya kuzibua kila kalvati, na hakuna kampuni ya kimataifa itakayokuja kuziba kila shimo. Kazi hiyo itafanywa na makandarasi wa ndani au haitafanywa kabisa. Nchi itakayowakuta ikiwahitaji ni ile iliyowalipa na kuwakuza wakati ilipokuwa ikijenga.